Bomba la Tano

Mchwa ndio walioanza. Nimewahi kuwasikia watu wakiyasimulia mambo yale kama bahati mbaya, na mimi huwaka hasira kila nikilisikia neno hilo. Bahati mbaya siijui, mchwa nawajua. Walikula nguzo moja ya mti ndani ya banda la mashine ya barafu, mgodini upande wa Geita, miaka ya thelathini kabla ya vita kubwa ya pili, na kwa ajili ya nguzo hiyo binti yangu wa pekee alibaki bila kinga ya ndui, ingawa mimi mwenyewe nilimshika akichanjwa.

Nilitoka kwetu Samuye kwa miguu, kijana mwenye magoti mazuri na kiburi kingi. Wenzangu niliofuatana nao walishushwa mashimoni. Mimi, kwa kuwa niliwahi kupaka grisi mabehewa pale stesheni ya Shinyanga, nilipelekwa kwenye banda la mashine kuwa mtu wa mafuta. Nilijiona bwana. Nje jua lilikuwa linapasua mawe, vinu vya kusaga mawe ya dhahabu vinapiga kelele mchana kutwa, na mimi niko ndani kwenye ubaridi na kopo langu la mafuta. Mke wangu alinifuata mwaka wa pili, na binti yetu akazaliwa pale kambini.

Mke wangu alikuwa na makovu ya ndui usoni tangu utotoni. Aliugua akapona, na aliyekwisha kuiugua haimrudii. Mimi nilichanjwa siku nyingi, nilipoandikwa kazi ya reli. Kwa hiyo nyumbani kwetu aliyekuwa wazi ni mmoja tu, mtoto wa miaka minne aliyependa kulala juu ya tumbo langu na kuniambia kwamba nanuka mashine.

Sasa lazima niieleze mashine yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nguzo moja ilikuwa jambo kubwa.

Kilichokuwa kinazunguka ndani yake ni amonia. Injini iliibana ikawa maji, kisha yale maji yakapitishwa kwenye koki nyembamba, na yakitoka upande wa pili hayakuwa tena kitu kimoja. Sehemu ilibaki maji, sehemu ikawa mvuke, vyote viwili vya baridi kali, vikisafiri pamoja. Mchanganyiko huo uliingia kwa upande mmoja kwenye bomba nene lililolazwa juu ukutani, limeegemea nguzo tatu. Bomba hilo tuliliita mama. Chini yake yalishuka mabomba matano membamba, watoto wake. La kwanza lilikwenda kwenye tanki la kugandishia barafu. La pili na la tatu yalizunguka chumba cha nyama ya Wazungu. La nne lilipoza siagi na vinywaji vyao. La tano liliongezwa baadaye, hospitali ya mgodi ilipoomba mahali pa kuwekea dawa, nalo likazungushwa nje ya kabati la bati lililokuwa mwisho kabisa, karibu na mlango.

Katika vile viwili, chenye kazi ni maji. Maji ya amonia yakiingia kwenye bomba jembamba huchemka humo, na kwa kuchemka kwake hunyonya joto la chumba. Mvuke ulishachemka. Unapita tu, una baridi yake ya kuanzia, ukienda hatua mbili tatu umekwisha. Kwa hiyo mtoto aliyepewa maji na mama yake alivaa unga mweupe wa barafu kuanzia shingoni hadi miguuni, mweupe kama unga wa udaga, ule wa muhogo mkavu. Aliyepewa mvuke alipata weupe wa kiganja kimoja pale juu, na kwingine kote alitoka jasho tu.

Miezi ya mwanzo baada ya la tano kuongezwa, watoto wote watano walikuwa weupe. Kisha ikaja masika, na baada ya masika nikaona bomba la tano linatoka jasho.

Nilidhani limeziba. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye bomba na mpini wake sikioni, kama nilivyofundishwa kusikiliza mabehewa. Kwenye bomba la kwanza nilisikia kitu kinachuruzika, kizito, kingi. La pili vilevile. La tatu kidogo. Kwenye la tano ulikuwa upepo mtupu unapuliza. Halikuwa limeziba hata kidogo. Lilikuwa wazi na lina njaa. Nikatafuta chupa ya dawa, nikaijaza maji nusu, nikapanda ngazi na kuilaza juu ya mgongo wa mama. Maji ndani ya chupa yakakimbilia upande mmoja, upande wa bomba la kwanza. Nikashuka nikaitazama nguzo ya upande huo. Juu ilikuwa nzima, imepakwa rangi vizuri. Nilipoigonga chini kwa bisibisi, chuma kikazama hadi kwenye mpini, na mchwa wakamwagika.

Basi nikaelewa kila kitu, na sijui kama kuna uchungu mbaya kuliko kuelewa kila kitu ukiwa huna ruhusa ya kugusa. Mama alikuwa amelala upande. Maji yalituama mwanzoni mwake na kuwashukia watoto wa kwanza mpaka wakashiba kupita kiasi, na kule mwisho, kulikoinuka, ulifika mvuke tu. Zaidi ya hayo, fundi mkuu alikuwa ameagiza injini ipunguzwe mwendo ili tusile mafuta mengi. Ingekuwa inakwenda kasi, yale maji yangerushwa na mvuke hadi mwisho wa bomba hata kama limeinama. Kwa mwendo ule wa pole yalikuwa yanatambaa tu, na kinachotambaa kinaangukia shimo la kwanza.

Nilimweleza fundi mkuu. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye shingo nyekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Nikamwonyesha chupa, nikamwonyesha nguzo.

"Bwana, bomba mama limeinama. Maji yote yanaenda kwa wa kwanza."

"Mashine vuta," akasema. "Mashine vuta sawasawa, bomba yote. Wewe tia mafuta. Mimi tazama bomba."

"Lakini Bwana, la tano halina kitu."

Akanitazama kama ninavyomtazama kuku aliyeingia ndani. Akasema tangu siku hiyo atakuja kila asubuhi saa moja, na anataka kuona mabomba matano meupe. Matano. Akiona manne, atajua sisi ni wavivu na atatutoa. Akainua vidole vitano, akavikunja kimoja kimoja mbele ya uso wangu, akaondoka.

Tulikuwa wawili katika kazi ile, mimi na Msumbwa mmoja aliyenizidi umri kwa miaka ishirini hivi, mtu mpole mwenye watoto wengi na ugonjwa wa mgongo. Asingeweza kushuka shimoni tena. Kutolewa kwenye banda lile kwake kulikuwa ni kurudishwa kwao mikono mitupu. Siku ya pili ya ukaguzi nilimkuta amewahi kuliko mimi. Alikuwa na kisu butu, anakwangua unga wa barafu kwenye bomba la kwanza, anautia kwenye bakuli, anaulowesha kidogo, kisha anaukandika kwenye bomba la tano kwa viganja, kama mwanamke anayekandika ukuta.

"Shikamoo," nikamwambia. "Unafanya nini?"

"Marahaba. Huyu mtu anataka weupe, mdogo wangu. Tumpe weupe wake, tupate kula."

Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka, ili asije mtu akanihurumia kupita kiasi. Ilikuwa inachekesha kweli, kumwona yule Mzungu akisimama mlangoni saa moja kamili, anahesabu kwa kidole, anatikisa kichwa kwa kuridhika, na kabla ya saa mbili ule unga umeyeyuka wote sakafuni. Hakuwahi kuja saa mbili. Nilijifunza kukandika vizuri, hata nikawa namshinda yule mzee. Kabatini wakati huo mlikuwa na bandeji na chupa mbili za dawa ya macho, vitu visivyojali joto. Nani angeumia?

Kisha habari za ndui zikaanza kusikika, mara Shinyanga vijijini, mara upande wa Mhunze, kila mpita njia na kijiji chake. Mke wangu aliacha kula vizuri. Alikuwa anamfunua mtoto nguo kila asubuhi na kumkagua ngozi yote mbele ya mlango penye mwanga. Mimi nilikuwa naona makovu yake yalivyokuwa yakisogea alipouma meno.

Dawa ya kuchanjia ilitoka pwani kwa treni hadi Mwanza, ikavushwa ghuba, ikaletwa na lori. Lori lilifika asubuhi, saa moja na dakika chache. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kukandika, viganja vimekufa ganzi. Fundi mkuu alikuwa mlangoni anahesabu. Na nyuma yake akaingia dresa wa hospitali, msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda na kuchanja, amekumbatia chupa kubwa ya kuhifadhia baridi.

Dresa alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu wa mjini, kanzu yake ya jioni haikuwahi kuonekana na doa, na Kiswahili chake kilikuwa kinatiririka hata ukaona haya kufungua kinywa. Tulipatana. Aliwahi kumtibu binti yangu sikio. Akaifungua ile chupa, akatuonyesha mirija ya kioo myembamba kama mabua ya nyasi, imefungwa kwa pamba.

"Hii isipokaa kwenye baridi, inakufa," akasema. "Na ikifa huioni. Rangi ileile, kila kitu kilekile."

Fundi mkuu akamwonyesha kabati kwa fimbo yake. "Bomba nyeupe. Weka."

Dresa akapitisha kidole juu ya ule unga nilioukandika mimi dakika kumi nyuma, akafurahi, akafungua kabati, akapanga mirija yake, akafunga kwa ufunguo, akautia mfukoni. Nilikuwa nimesimama pale na bakuli mkononi. Yule mzee wa Kisumbwa alikuwa nyuma ya injini, ananitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima. Nikalificha bakuli nyuma ya mgongo wangu.

Watu wa vijijini walikuwa hawajakusanywa bado, wazee wa miji walikuwa wametumiwa habari waje na watu wao. Ile mirija ikakaa mle kabatini wiki tatu.

Nilijaribu kwa njia za kuibaiba. Kila gari la fundi mkuu lilipoondoka kwenda mashimoni, nilikuwa naongeza mwendo wa injini. Mara mama anaanza kunguruma, maji yanarushwa hadi mwisho, na bomba la tano linaanza kutoa unga wake wa kweli, taratibu, kutoka shingoni kushuka chini. Nilikuwa nasimama kulitazama kama ninavyomtazama mgonjwa akinywa uji. Kisha gari linarudi. Yule bwana aliusikia mwendo wa injini tangu nje, akaingia na kuushusha mwenyewe, na akanionya mara tatu. Nilifunga vipande vya barafu kwenye gunia nikaviegemeza kwenye mlango wa kabati, lakini mlango ule ulikuwa wa mbao nene na barafu ikapoza sakafu. Nilichonga kabari nikapanda kuichomeka chini ya mama ili nimwinue. Alipoinuka kidogo tu, kiungo kimoja kikalia na amonia ikanichoma macho hadi nikaanguka ngazini. Nilishuka natapika. Amonia ikitoka yote mle ndani, tunakufa wote wawili na nusu ya hospitali iliyo jirani. Sikugusa tena.

Nilimwendea dresa. Nikamwambia, "Lile bomba la tano ni vivu, ndugu yangu. Heri uzitoe."

"Vivu? Nimeligusa kwa mkono wangu, lina unga kuliko mengine."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nikaona mgongo wa yule mzee, nikaona watoto wake. Nikaona pia nafasi yangu mimi, nisijifanye mwema. Nikasema labda nimekosea. Akanipiga bega akaniambia nipumzike, macho yangu mekundu.

Siku ya kuchanja walikuja wengi mno. Mke wangu alivaa nguo yake nzuri. Mtoto alipoiona ile sindano ya kukwaruzia akalia na kujitupa, ikabidi mimi nimpakate na kumshika mkono usicheze. Dresa akavunja mrija, akadondosha, akakwaruza. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimemshika mwanangu barabara, anatokwa jasho shingoni, na nilikuwa najua kwamba tunamuumiza bure. Mke wangu alisimama pembeni akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Wabeja, Dresa," akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana."

Chanjo ikishika, siku ya nane mkono unakuwa na lengelenge, na mtoto anakuwa na homa kidogo. Siku ya nane tulipanga foleni tena. Dresa alishika mkono wa kwanza, wa pili, wa kumi. Mikono yote ilikuwa laini, imebaki na mkwaruzo mkavu tu. Nilimwona uso wake ukibadilika, ingawa aliendelea kusema "vizuri, vizuri" kwa kila mtu. Akawaambia wangoje, ataagiza nyingine ya kuongezea.

Lakini watu wa kambini hawakungoja kuelezwa. Walijieleza wenyewe. Walisema hii si kama chanjo ya zamani, ile iliyochoma watu mikono wakalala siku tatu. Hii imelala kwenye mashine, ni dawa ya barafu, na dawa ya barafu haichomi. Inaingia yote ndani kimya kimya. Kufikia Jumapili watu walikuwa wanafunuliana mikono kwa majivuno, na mwenye mkono laini kuliko wenzake ndiye aliyeonekana dawa imemwingia vyema. Mke wangu alimpitisha binti yetu nyumba kwa nyumba, mkono wazi. Na walijua mume wake ndiye wa mashine, kwa hiyo walinishukuru mimi. Kuna mwanamke aliniletea matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kwenye ungo. Niliyala.

Jioni hiyo nilimfuata dresa nyumbani kwake nikamwambia yote, la nguzo na la kisu butu na la bakuli. Alikuwa ametoka kuswali. Akakaa chini, akashika magoti. Nilitaka anipige, na nadhani hata yeye alitaka.

"Sasa unaniambia mimi nifanye nini?" akasema. "Nyingine iko pwani. Nimeshaandika. Mwezi, labda zaidi."

"Tuwaambie watu."

"Tuwaambie nini? Kwamba tuliwachanja maji? Unadhani hiyo ya pili ikija atatokea hata mmoja? Watakimbilia porini na watoto wao." Akanishika mkono, akaubana. "Nakuomba usiseme, hata kwa mkeo. Wanawake wanakutana kisimani. Acha ifike, tuwachanje wote upya, ndipo nitakulaani vizuri."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila niliyemwendea alikuwa na haki yake, yule mzee na mgongo wake, dresa na hesabu yake ya watu, na katikati ya haki zote hizo alikuwapo mtoto mmoja mwenye mkono laini. Nikaahidi.

Haikupita wiki mbili, akafika mtu kutoka kwa wakwe zangu, karibu na Mhunze. Mama mkwe amelala, homa haishuki, anamwita binti yake. Nikauliza kama ni ndui. Akasema si ndui, ni kifua, ila ndui ipo miji ya jirani. Mke wangu alikuwa ameshaanza kufunga mzigo kabla hajamaliza kusema.

"Mwache mtoto," nikamwambia.

"Nimwache kwa nani? Unaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, unatoka saa kumi na mbili jioni. Utampikia nini, mafuta ya mashine?"

"Kule kuna ndui."

"Na yeye kachanjwa." Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anafurahi, alijua safari ni lori.

"Ile dawa haikushika. Mkono hauna alama."

"Ni dawa ya barafu. Watu wote mikono yao iko hivyohivyo." Akanigeukia, akaniita kwa jina la mtoto wetu kama alivyokuwa akiniita siku zote, baba wa fulani. "Mbona unanitisha? Kama unajua kitu, sema."

Jirani alikuwa mlangoni kwake anachambua mchicha, masikio yote kwetu. Lori lilikuwa linapiga honi. Ile ahadi ilikuwa kinywani mwangu kama donge la ugali. Nikasema, "Sijui kitu. Naogopa tu."

"Hata mimi namwogopea mama yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa laini. Akaenda. Nilitembea nyuma yao hadi kwenye lori. Nilimpandisha mimi mwenyewe. Mtoto alinipungia mkono mpaka vumbi likawafunika, na nikarudi zamu.

Majuma yaliyofuata injini ilianza kugonga. Maji yaliyokuwa yanamshibisha mtoto wa kwanza yalikuwa sasa yanarudi hadi kwenye mashine yenyewe, na mashine haipendi kumeza maji, inapasuka. Hilo fundi mkuu alilisikia. Alikuja na seremala na kipande cha reli, wakaitoa ile nguzo, ikavunjika mikononi mwao kama mkate, wakasimamisha reli, wakafunga. Kazi ya nusu siku. Jioni mabomba yote matano yalikuwa meupe kwa weupe wao wenyewe. Fundi mkuu akanionyesha kwa fimbo jinsi mama alivyonyooka, akanieleza kwa nini maji yalikuwa yanakimbilia upande mmoja. Nikamwambia ndiyo Bwana.

Chanjo ya pili ilifika baadaye. Dresa hakuiweka kabatini hata hivyo, aliiweka kwenye chumba cha nyama, katikati ya mapaja ya ng'ombe, na akalala na ufunguo shingoni. Watu walikuja. Siku ya nane mikono ilivimba, wakalalamika kwamba hii ni mbaya, ile ya kwanza ilikuwa nzuri.

Kutoka Mhunze nilikuwa sipati habari. Nilituma salamu mara mbili kwa watu wa lori, hazikurudi. Niliomba ruhusa ya kwenda, nikaambiwa ningoje mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi nikaambiwa ningoje tena. Yule mzee alikuwa ananiletea uji kwenye kopo. Ningeweza kutoroka. Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikutoroka, na jibu ninalolipata ni la aibu: nilipokuwa sijaenda, bado hakukuwa na jambo.

Mke wangu alirudi peke yake, mchana, nikiwa nimetoka kunywa maji nje ya banda. Nilimwona tangu mbali anapanda njia, na mgongo wake ulikuwa mtupu. Hakupita nyumbani. Alikuja moja kwa moja pale nilipo, akatua mzigo wake mdogo kivulini, tukasalimiana kama watu wanaosalimiana.

Akanieleza kwa maneno machache. Mama yake alipona kifua. Mtoto alianza homa wiki ya pili, wao wakadhani ni homa tu, kwa sababu kachanjwa, na wakamwacha alale na kucheza na wenziwe. Vipele vilipotoka alikuwa hana nguvu tena. Siku ya tisa. Wamemzika upande wa kwao, nyuma ya zizi. Aliyasema yote hayo akitazama mlango wa banda, na mimi nilikuwa nimeshikilia ukuta.

"Nimepita kwa dresa," akasema. "Nimemuuliza kwa nini haikumkinga. Akaniambia nikuulize wewe."

Nikamwambia. Nilianza na nguzo, nikafika kwenye kisu na bakuli, nikafika kwenye lori lililokuja saa moja. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Siku ile anachanjwa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na siku naondoka?"

"Nilikuwa najua."

Ndani ya banda mashine ilikuwa inakwenda vizuri, bila kugonga. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru, kwa sababu kelele ningeweza kuipokea.

"Ungeniambia hivi siku ile," akasema, "ningemwacha kwako."

Akaniomba maji, akanywa, akauchukua mzigo wake na kushuka kuliwahi lori kabla halijarudi.